Kabla Panzi Hawajaota Mabawa: Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Mwendo Wao

Mstari wa kwanza wa mahindi ukiliwa hadi ukabaki uti wa jani, mwenye shamba huinua macho juu kutafuta wingu. "Wamekuja," husema, kana kwamba walishushwa na upepo usiku. Mara nyingi sivyo. Wangeshuka kutoka angani wangeangukia popote, hata katikati ya shamba. Wanaoanzia ukingoni na kuingia ndani mstari kwa mstari wamekuja kwa miguu, na wametoka kwenye majani yale yale ya mpakani unayopita kila siku.

Hilo ndilo la kwanza la kuzingatia kabla ya msimu, na kwangu lina uzito kuliko yote yatakayofuata. Panzi ana safari mbili maishani, ya miguu na ya mabawa. Maandalizi yako karibu yote ni ya ile ya miguu. Akishaota mabawa, wanaoamua aende wapi ni joto na upepo, nawe unabaki kuwa mtazamaji tu, mwenye taarifa au asiye nazo.

Tuelewane majina kwanza. Kila nzige ni panzi, ila si kila panzi ni nzige. Nzige ni aina chache tu za panzi ambao wakisongamana hubadilika tabia, rangi na hata umbo: waliokuwa wakikwepana huanza kufuatana. Mwaka 1921 mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alieleza kwamba nzige wa makundi na panzi mpole wa kuishi peke yake, waliokuwa wakihesabiwa kuwa aina mbili, ni mdudu mmoja katika hali mbili. Mtoto asiye na mabawa huitwa tunutu akiwa wa nzige. Hapa nitalitumia neno hilo kwa watoto wa panzi wote, kwa sababu mwendo wao unafanana. Halafu kuna neno "kuruka". Kiswahili kinalitumia kwa panzi anayechupa kwa miguu na kwa ndege aliye angani, na kwa mdudu huyu utata huo unapoteza watu. Mtu akikuambia "wanaruka", muulize: wanachupa au wanapaa? Jibu lake ndilo litakalokuambia kama bado una muda.

Ardhi, kabla mdudu hajaonekana

Panzi jike huingiza ncha ya tumbo lake udongoni na kuacha fungu la mayai, kisha hulifunika kwa povu linalokauka likawa kama kizibo. Nzige wa jangwani huchagua mchanga wenye unyevu na kufikisha mayai kina cha sentimita 10 hadi 15. Fungu moja huweza kuwa na mayai 80 au zaidi. Panzi wengi wa kawaida hawaendi kina hicho wala hawatagi mengi kiasi hicho, lakini wanapendelea mahali pa namna moja: ardhi isiyoguswa na jembe. Kingo za njia na mifereji, mpaka wa shamba, kipande kilichoachwa, malisho yaliyoliwa hadi udongo ukaonekana. Ndiyo maana shamba linalolimwa vizuri likizungukwa na ardhi iliyotelekezwa hushambuliwa kutoka pande zote.

Basi maandalizi ya msimu ujao yanaanza msimu huu unapokwisha, wakati panzi wakubwa, wenye mabawa, bado wapo. Tembea mpakani, tazama majike wanakusanyika wapi, weka alama. Kwa panzi wanukao, wale wa rangirangi wa jamii ya Zonocerus wanaopenda mihogo, kazi hii inalipa kuliko zote, kwa sababu majike wengi huenda kutaga mahali pamoja, mara nyingi kwenye kivuli cha vichaka. Kipande kidogo cha ardhi kinaweza kubeba kizazi kitakachosambaa mashamba mengi ya jirani. Ukikichimbua, mayai yakapigwa na jua na kudonolewa na ndege, umefanya katika asubuhi moja ambacho dawa haitafanya baadaye. Ila usipoweka alama siku wanataga, miezi kadhaa baadaye hakuna kitakachokuonyesha mahali hapo; utabaki kuchimba kwa kubahatisha.

Jambo lingine hapa ni kutokopa kalenda ya mdudu mwingine. Mayai ya nzige wa jangwani kwenye joto la kutosha huanguliwa baada ya wiki mbili hivi. Mayai ya panzi wengine hulala ardhini msimu mzima wa baridi au wa ukame, yakingoja. Mtu aliyesikia habari za nzige akaanza kuhesabu wiki mbili kwa panzi wa mpakani kwake atachoka kungoja, kisha atakuwa ameacha kutazama siku yenyewe ikifika.

Siku za miguu

Tunutu aliyeanguliwa leo ni mdogo, na haendi mbali. Hukaa karibu na alipotokea, akila majani laini. Atajivua ngozi mara kadhaa (aina nyingi hupitia hatua tano kabla ya mabawa, nyingine sita) na kila hatua humwongezea mwili, hamu ya kula na umbali wa kutembea. Kipindi chote hicho huchukua kama mwezi mmoja au zaidi kidogo, kutegemea joto. Hatua mbili za mwisho ndizo za ulaji mkubwa. Kwa hiyo yule anayengoja aone madhara ndipo achukue hatua amejipangia, bila kujua, kuanza kazi mlo ukikaribia kwisha.

Panzi hukopa joto lake kwa jua. Asubuhi utamkuta kwenye udongo mtupu au juu ya shina, amelaza ubavu kuelekea jua, mzito kama aliyeamka na homa. Mwili ukipata moto ndipo hutembea. Mchana ardhi ikiungua hupanda juu ya mimea kukwepa joto hilo, na jioni hupanda tena kulala. Kabla ya kwenda kukagua, basi, chagua saa. Mapema mno utadhani hawapo, kwa kuwa hakuna kinachochupa mbele ya miguu yako. Saa tatu au nne asubuhi, jua likiwa limeshika na anga wazi, ndipo wanapojionyesha. Na ukitaka kuwashughulikia badala ya kuwahesabu, ile saa yao ya uzito, kabla hawajapata moto, ndiyo yako.

Kitu kinachowasukuma tunutu wa kawaida kutoka mpakani hadi shambani kwa kawaida ni kimoja: majani ya mpakani yamekwisha. Yamekauka, yameliwa na mifugo, au, na hapa ndipo watu wanapojiumiza wenyewe, yamefyekwa. Mtu huona mpaka umechafuka, anakumbuka kwamba panzi hukaa majanimani, anafyeka siku mbili mfululizo. Kumbe ameondoa meza ya wageni na kuwaachia sahani moja tu ya kijani iliyobaki, nayo ni mazao yake. Kufyeka kuna wakati wake, nao ni kabla mayai hayajaanguliwa. Ukikuta tunutu wameshatoka, yaache majani yale yasimame, hata kama jirani atakucheka kwa uchafu, mpaka uwe umewashughulikia hapo hapo. Ukanda wa kijani uliobaki huwashikilia mahali pamoja, na mahali pamoja ndipo unapoweza kuwafikia. Mimi ningependelea mpaka mbaya wa kutazama kuliko shamba safi lenye wageni wapya.

Tunutu wa nzige ni habari tofauti. Wakishasongamana hawangoji majani yaishe. Huunda misafara na kutembea pamoja, na wa nzige wa jangwani huweza kwenda kilomita moja au zaidi kwa siku. Mwanzo wa ushirika huo ni kugusana. Mtafaruku wa miguu ya nyuma kusuguana na ya wenzao hupandisha kemikali ya serotonini katika mfumo wao wa neva, na ndani ya saa chache aliyekuwa akikwepa wenzake huanza kuwafuata. Watafiti walilionyesha hilo mwaka 2009. Majaribio ya 2006 yalikuwa yameshaonyesha jambo jingine la manufaa kwa mkaguzi: wakiwa wachache uwanjani, kila tunutu hutembea kivyake bila mwelekeo; idadi ikipita kiwango fulani, wote hugeuka upande mmoja kama askari waliosikia amri. Hakuna kiongozi. Ni msongamano tu.

Na kwa nini wasisimame wakifika penye chakula? Sehemu ya jibu inatisha kidogo. Wasemao vita vya panzi ni furaha ya kunguru walikuwa karibu na ukweli kuliko walivyodhani, maana tunutu hulana. Anayesimama huumwa na aliye nyuma yake. Anayekwenda humfukuzia aliye mbele. Kwa ndugu mmoja wa panzi asiyeweza kupaa huko magharibi mwa Marekani, ambaye Wamarekani humwita nyenje wa Wamormoni, watafiti waligundua kwamba misafara yake inasukumwa na njaa ya protini na chumvi, na mwenzake ndiye chakula cha karibu chenye vyote viwili.

Maana yake kwa anayejiandaa ni kwamba msafara wa tunutu una njia, na njia inaweza kuzibwa. Mtaro wenye kingo wima ukichimbwa kukata njia yao, hutumbukia na kufukiwa. Ni mbinu ya zamani, inataka watu wengi na majembe, na haifai kitu kwa panzi waliotawanyika. Kabla ya kuchimba, thibitisha mwelekeo: tazama msafara asubuhi wakiwa wameanza kutembea, weka alama ya kichwa chake, rudi baada ya saa mbili uone umefika wapi. Hata hivyo usichimbe mbali sana. Usiku watalala vichakani, na kesho wanaweza kukata kona.

Kuhesabu bila kujidanganya

Macho hudanganya kwa panzi kwa sababu mmoja anayechupa mara tatu huhesabiwa watatu. Tengeneza fremu ya waya yenye pande za sentimita 32. Eneo lake ni kama sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba, kwa hiyo ukihesabu ndani ya fremu kumi na kujumlisha, jumla ndiyo idadi kwa mita moja ya mraba, huhitaji kikokotoo. Ziweke fremu chini jana yake ili wadudu wazizoee. Zikaribie polepole huku jua likiwa mbele yako, maana kivuli chako kikiwatangulia watakuwa wameondoka kabla hujafika.

Hesabu ukingo peke yake na ndani ya shamba peke yake, usichanganye. Jumla moja ya shamba zima haisemi chochote kuhusu mwendo. Ukingo ukiwa na 20 na ndani 2, kazi yako ni ukingoni, na kupulizia shamba zima ni kumwaga dawa. Rudia baada ya siku tatu au nne. Ukingo ukishuka na ndani ikipanda, wameanza safari, na hapo kila siku ina thamani. Andika pia ukubwa wao. Vijibawa vya mwanzo mgongoni mwa tunutu huonekana kama vishina vidogo vinavyozidi kurefuka kila anapojivua ngozi. Vikishakuwa vikubwa, amebakiza hatua moja au mbili apae.

Mabawa na upepo

Baada ya kujivua ngozi mara ya mwisho panzi ana mabawa kamili lakini laini, na huchukua siku kadhaa kabla ya kuwa mrukaji wa kutegemewa. Si wote watakaofika huko. Panzi wanukao wengi wana mabawa mafupi yasiyowafikisha popote, na kwao mpango wa miguu unatosha maisha yao yote. Jua aina uliyonayo kabla ya kuogopa anga.

Kuna mruko wa mchana wa kukimbia hatari: unakanyaga, anapaa, anatua mbele kidogo. Huo hauwasambazi. Kusambaa kwa kweli kwa panzi wengi hutokea usiku, na ndiyo sababu watu husema wamezuka. Baada ya jua kuzama, usiku ukiwa na joto, hupanda juu na kubebwa na upepo saa kadhaa. Panzi wa Senegali, Oedaleus senegalensis, huishi hivyo katika ukanda wa Saheli: hufuata mvua kwenda kaskazini msimu unapoanza, kisha hurudi kusini na pepo za kiangazi. Nzige wa Australia naye husafiri mamia ya kilomita kwa usiku. Julai 2019 panzi walifurika Las Vegas, Marekani, kwa wingi hata rada ya hali ya hewa ikawaonyesha kama mvua, na taa za mji zikawakusanya mitaani.

Taa, basi, ina matumizi mawili. Iliyo karibu na shamba ni mwaliko, izime katika wiki za wakubwa. Lakini taa moja iliyo mbali na mazao ni kipimo kizuri: tazama chini yake kila usiku saa ile ile, andika idadi. Ikipanda ghafla, tazama upepo wa usiku uliotangulia ulitoka wapi. Asubuhi yake ukikuta wakubwa katikati ya shamba na ukingo ukiwa mtupu, hao ndio kweli walioshuka.

Makundi ya nzige wa jangwani hupaa mchana. Huondoka saa mbili au tatu baada ya macheo, hutua kabla ya machweo, huenda kilomita 16 hadi 19 kwa saa kulingana na upepo, na kwa siku nzuri hupita kilomita 100. Kwa jumla hufuata upepo unakoelekea, na pepo zinapokutana ndipo mvua inaponyesha na majani yanapoota. Kwa hiyo swali la "wako umbali gani?" lina msaada mdogo kuliko "mvua imenyesha wapi, na upepo unaelekea wapi?" Vimbunga Mekunu na Luban vya mwaka 2018 vilimwaga maji katika jangwa la kusini mwa Rasi ya Arabuni, nzige wakazaliana humo vizazi vitatu pasipo mtu wa kuwaona, mwaka uliofuata walikuwa Pembe ya Afrika, na Kenya ikapata uvamizi mbaya kuliko wote katika miaka 70. Wala bahari si uzio: mwaka 1988 nzige waliotoka Afrika Magharibi walifika visiwa vya Karibi, kama kilomita 5,000, kwa takriban siku kumi.

Kabla kundi halijatajwa katika eneo lako, jua ofisi ya kilimo ya kuarifu na uwe na namba yake. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hutoa taarifa ya nzige wa jangwani kila mwezi, na tangu 2020 kuna programu ya simu, eLocust3m, ya kutuma ulichokiona pamoja na mahali. Taarifa yenye faida husema saa, mahali, mwelekeo, tunutu au wenye mabawa, na rangi. Rangi isiachwe kamwe. Nzige wa kundi wenye rangi ya waridi ni wachanga, watakula na kuondoka. Wa manjano wamekomaa, na wakilala kwako wanaweza kuacha mayai, kisha baada ya wiki mbili hivi una msafara wa miguu mahali ulipodhani balaa limepita. Hivyo wakiondoka, usifunge daftari. Rudi uweke alama walipolala.

Kupiga madebe na kuwasha moto wa moshi huzuia kundi lisitue, kwa muda, na jirani ndiye anayepokea. Sikatai kwamba mtu mwenye mazao machanga atafanya hivyo. Nasema tu asiite hiyo kinga.

Kuhusu dawa nitakuwa mfupi. Sumu juu ya wakubwa wenye mabawa wa panzi wa kawaida mara nyingi huua waliokuwa wakijiandaa kuondoka, na wengine huja kesho. Dawa ni ya tunutu wadogo, ukingoni, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo. Kuvu Metarhizium acridum, anayedhuru jamii ya panzi na nzige na kuacha nyuki, huchukua wiki moja hadi tatu kuua, kwa hiyo ni wa mtu aliyejiandaa mapema. Kuku wasiachiwe panzi waliopuliziwa sumu.

Kuna jambo moja la kutazama kabla ya kupulizia chochote. Panzi akiugua kuvu mwingine, Entomophaga grylli, hupanda hadi ncha ya shina jioni, hulikumbatia kwa miguu na kufia hapo, kichwa juu. Ukikuta mashina mengi yana maiti za namna hiyo, usizikusanye wala usizichome. Vumbi linalotoka humo linaambukiza waliobaki. Rudi na fremu zako baada ya siku nne, uhesabu upya, chupa ya dawa ikiwa bado imefungwa.